Tusiuze shamba kabla ya kuvua kiatu

 Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo pengine baadhi yenu hamkutarajia kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni mguu wa mgonjwa wa kisukari, na hewa ya oksijeni ambayo siku hizi inatajwa sana kuwa ni dawa ya vidonda vya mguu huo.

Lililotusukuma ni swali. Si muda mrefu uliopita, baada ya swala ya Ijumaa mjini Kilosa, alitujia kijana mmoja kutoka upande wa Ulaya, ile Ulaya yetu iliyo katika njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Baba yake ni mkulima, ana kisukari kwa miaka mingi, na chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na kidonda kilichofikisha mwezi wa nne. Kijana alikuwa ameonyeshwa katika simu picha ya mgonjwa aliyelazwa ndani ya chombo kama bomba kubwa la kioo, akivuta oksijeni, na maelezo yakisema kwamba kidonda kilichoshindikana kimepona. Ndugu wa familia wakakaa kikao na kukubaliana kuuza ekari mbili za shamba ili mzee apelekwe huko kwenye oksijeni, popote ilipo. Kijana akatuuliza: "Shekhe, shamba lile ni la urithi wa babu. Je, tukiliuza kwa ajili ya mguu wa baba, tutakuwa tumekosea?"

Tulimjibu kwamba kumtibu mzazi si kosa hata kidogo, na shamba haliwezi kuwa na thamani kuliko mguu wa baba. Lakini na sisi tukamuuliza maswali manne. Je, daktari amewahi kuushika mguu wa mzee na kupima kama damu inafika? Je, nyama iliyokufa katika kidonda imeondolewa? Je, mzee ameacha kuukanyagia mguu ule? Na sukari yake ilipimwa lini mara ya mwisho? Kijana akatazama chini. Mzee alikuwa akinyunyiziwa unga wa majani, akifungwa kitambaa, kisha akienda shambani kila asubuhi amevaa yeboyebo. Familia ilikuwa tayari kuuza shamba, na hakuna aliyekuwa tayari kumzuia mzee asitembee.

Kisa hiki ndicho kilichotufanya tuandike, lakini tunacho kisa kingine cha zamani zaidi, ambacho tutakieleza mbele, nacho ndicho kinachotunyima usingizi.

Ugonjwa uliotufikia vijijini

Zamani tulikuwa tukisema kuwa kisukari ni maradhi ya matajiri na watu wa mjini. Mwaka 1989 madaktari walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji sita vya Tanzania, na wakaona kwamba mwenye kisukari hakufikia hata mtu mzima mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ni kweli kwamba uchunguzi huu wa pili ulijumuisha na miji, kwa hiyo hesabu hizi mbili hazipimiki kwa mizani moja. Hata hivyo, kila mmoja wetu ahesabu katika ukoo wake mwenyewe, ataona ni nani kati ya wazee wake anayekwenda kliniki ya kisukari, na ni nani aliyekatwa kidole.

Kisukari huudhuru mguu kwa njia mbili. Kwanza, sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na mguu ukaingia ganzi. Maumivu, ndugu zangu, ni neema ambayo hatuishukuru mpaka iondoke. Mwenye mguu mzima akikanyaga mwiba huruka, lakini mwenye ganzi hutembea na mwiba ule kutwa nzima. Kijiwe kikiingia katika kiatu hakijui. Akiota moto usiku wa baridi, ngozi huungua naye anazungumza na wajukuu.

Pili, kisukari huibana mishipa ya damu, hata damu iendayo miguuni ikapungua. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, na kidonda hakifungi bila oksijeni, kwa sababu chembe zinazojenga nyama mpya na zile zinazopigana na vijidudu zote zinaihitaji. Hapo tunapata mguu usiosikia uchungu na usiopata chakula chake, na kidonda kidogo cha yeboyebo kinaweza kufika kwenye mfupa kabla mwenyewe hajakiona.

Sisi watu wa Morogoro tunawajua panya vizuri, maana hata Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kimejulikana duniani kwa utafiti wake juu ya panya. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba panya ni adui wa mguu wa kisukari? Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku, wasizinduke kwa sababu ya ganzi. Kilosa ni wilaya ya mahindi. Katika nyumba ngapi magunia yamepangwa katika chumba kile kile anacholala mzee? Panya hufuata mahindi, na mguu wa mzee uko jirani.

Oksijeni hiyo ni kitu gani?

Sasa turudi kwenye swali la oksijeni, maana hatupendi kulikataa jambo la elimu kwa kuwa tu ni geni kwetu, wala kulikubali kwa kuwa tu limeonekana katika simu.

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni takriban sehemu 21 katika kila 100. Tiba inayozungumzwa hapa ni kumweka mgonjwa katika chumba maalumu kilichofungwa barabara, ambamo hewa hugandamizwa mpaka kufikia mara mbili au mara mbili na nusu ya mgandamizo wa kawaida, naye akavuta oksijeni tupu. Kwa nguvu ya mgandamizo huo oksijeni huyeyuka katika maji ya damu kwa wingi usiopatikana kwa namna nyingine, na hivyo ikaweza kufika hata pale ambapo damu inapita kwa shida. Aghlabu mgonjwa hukaa humo kama saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mara 20 hadi 40. Mwenye kupangiwa mara 40, basi ni karibu miezi miwili.

Vyumba hivi hutumika sana kwa wapiga mbizi, ambao wakipanda haraka kutoka kilindini hupatwa na madhara ya vipovu vya hewa katika damu. Ndiyo maana hata hapa kwetu, chumba cha namna hiyo kiliwekwa Matemwe, kisiwani Unguja, pwani wanakozama wapiga mbizi wa kitalii, wala si katika wodi za kisukari.

Jambo hili lisichanganywe na mtungi wa oksijeni wa hospitali. Tangu janga la UVIKO-19 lipite, neno oksijeni limekuwa katika kinywa cha kila mtu, na wapo wanaodhani kuwa mgonjwa akivalishwa barakoa ya mtungi kidonda chake cha mguuni kitafunga. Mtungi huo humsaidia mwenye kushindwa kupumua. Mgandamizo ndio unaoifanya tiba tunayoizungumzia kuwa tiba nyingine.

Je, inaponya? Wataalamu wenyewe wametofautiana, na ni uaminifu kuyataja maneno ya pande zote. Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walichapisha utafiti wa wagonjwa 94 wenye vidonda sugu vya kisukari. Wote waliingizwa chumbani, nusu wakavuta oksijeni na nusu wakavuta hewa ya kawaida, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Baada ya mwaka mmoja, vidonda vilipona kwa watu 52 katika kila 100 waliopata oksijeni, na 29 katika kila 100 waliopata hewa. Hilo si jambo dogo. Lakini mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Kanada wa wagonjwa 103, nao haukuona kwamba oksijeni ilipunguza haja ya kukatwa mguu. Mwaka 2018 Waholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 120 ambao miguu yao ilikosa damu ya kutosha, wala hawakupata tofauti ya kutegemewa, na takriban thuluthi moja ya waliopangiwa oksijeni walishindwa kukamilisha safari zile za kila siku.

Ipo pia njia nyingine ambayo mgonjwa haingii chumbani, bali mguu peke yake hufunikwa katika mfuko au kifaa kinachopuliziwa oksijeni. Utafiti mmoja wa wagonjwa 73, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa muda wa wiki 12 walipona takriban 42 katika kila 100 waliotumia kifaa hicho, na 14 katika kila 100 wasiopata oksijeni hiyo.

Kwa kuyapima hayo yote, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mguu wa kisukari, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, kilisema kwamba oksijeni inaweza kufikiriwa kuwa nyongeza, pale ambapo matibabu ya kawaida yamefanywa ipasavyo na yakashindwa, na pale ambapo uwezo wa kuitoa tiba hiyo upo. Tuyazingatie maneno mawili haya: nyongeza, na ipasavyo. Nyongeza huwekwa juu ya kitu, na kama hicho kitu chenyewe hakipo, itawekwa juu ya nini? Kumpeleka kwenye oksijeni mtu ambaye kidonda chake hakijasafishwa, ambaye sukari yake haijashushwa, na ambaye angali anakikanyagia, ni sawa na kupaka rangi ukuta usio na msingi. Fauka ya hayo, tiba yenyewe haikosi madhara: masikio huuma na kiwambo chake huweza kutoboka, macho huweza kupungukiwa na nguvu kwa muda, sukari huweza kushuka ghafla, na mara chache mgonjwa hupatwa na degedege.

Dawa zilizo karibu nasi

Basi hayo matibabu ya kawaida ni yapi? Ni kuondoa nyama iliyokufa na usaha. Ni dawa za kuua vijidudu pale kidonda kilipoingiwa na vijidudu. Ni kuishusha sukari. Ni kupima kama damu inafika mguuni, na kama haifiki, kutazama kama mishipa yaweza kuzibuliwa. Na juu ya yote ni kuupumzisha mguu, ama kwa hogo maalumu, ama kwa kiatu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ama kwa magongo, ili uzito wa mwili usikiponde kidonda kila hatua. Kila hatua anayoipiga mzee juu ya kidonda hubomoa kile ambacho Mwenyezi Mungu amekijenga usiku.

Haya hatukuyatoa mbali. Mwaka 2004 ulianza hapa Tanzania, sambamba na India, mradi wa mguu wa kisukari ulioitwa Hatua kwa Hatua, ambao Dk. Abbas alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mradi ule haukuja na mitambo ya ajabu. Uliwakusanya madaktari na wauguzi kutoka mikoani, ukawafundisha kuukagua mguu, kuchonga sugu, kusafisha kidonda, na kumfundisha mgonjwa na familia yake, kisha wakarudi makwao na vifaa vyepesi vya kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa pale elimu ilipofika, hali za wagonjwa zilikuwa njema zaidi na kukatwa miguu kulipungua. Jambo hili tunalitaja ili watu wetu wajue kwamba elimu iliyoiokoa miguu hiyo ilisimamiwa na Mtanzania, katika hospitali za Kitanzania.

Kwa hiyo mwenye kidonda, akiwa Kilosa aende hospitali ya wilaya, na akiwa Mikumi aende kituo cha afya au Hospitali ya Mtakatifu Kizito, wala asione haya kwamba ni hospitali ya wenzetu Wakatoliki. Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka alimkodi kiongozi wa njia asiyekuwa Muislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu. Huko hospitalini wakiona haja ya kumpeleka Morogoro au Muhimbili, asiseme Dar es Salaam ni mbali. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inapita Kilosa, na kutoka Mikumi barabara kuu inapita mbele ya nyumba zetu. Umbali unaoua ni ule wa kutoka kitandani mpaka zahanati, ambao wengi wetu huuahirisha kwa miezi minne.

Lililotupata Mikumi

Sasa tueleze kisa tulichokiahidi. Miaka kadhaa iliyopita, pale Mikumi, alikuwapo mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliendesha malori katika barabara ya Zambia. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Alikuwa na kisukari, na kidonda chake kilianzia kisiginoni. Kilipogeuka cheusi na kutoa harufu, daktari aliwaita wanawe, akawaambia kwamba mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe wiki ile ile. Wanawe hawakumjibu daktari. Wakaja kwetu.

Walituuliza kama inafaa mtu kukutana na Mola wake akiwa na kiungo pungufu. Sisi, badala ya kusema kwamba hili ni la madaktari na sheria imeliruhusu, tuliwaona wanalia, na tukaona vigumu kutamka neno la kukata. Tukawaambia wasubiri kidogo, tumsomee dua. Tukamsomea. Dua si kosa, na wala hatuijutii. Tunajutia neno lile "subirini". Mzee alifariki siku ya kumi na tisa, sumu ya kidonda ikiwa imeenea katika damu, na sisi ndio tuliomsalia.

Baadaye tuliusoma utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2002, juu ya wagonjwa 92 waliolazwa kwa vidonda vya mguu wa kisukari. Takriban 3 katika kila 10 walifariki. Waliokufa kwa wingi zaidi ni wenye vidonda vibaya sana ambao hawakufanyiwa upasuaji, maana zaidi ya nusu yao walikufa. Tulipoisoma hesabu ile, tuliuona ndani yake uso wa mtu tunayemfahamu.

Na ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.), ambayo tulikuwa tukiisomesha madrasa tangu ujana wetu bila kujua kwamba siku moja itatusomea sisi. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe na kupasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kwamba hawamwoni kuwa na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwakemea kwa ukali mno, akawahesabu kuwa wao ndio waliomwua, akawafundisha kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Watu wale hawakuwa wabaya. Walijibu tu jambo ambalo hawakuwa na elimu nalo, na mwenzao alikuwa amejeruhiwa.

Ewe imamu mwenzetu, ewe mwalimu wa madrasa, tunakuambia haya kwa kuwa nawe utaulizwa. Ukiulizwa kuhusu mguu, jibu lako la kwanza liwe: daktari amesemaje?

Na mwenye kuogopa kukatwa amkumbuke Urwa bin Zubair, mtoto wa Asmaa binti Abubakar (R.A.), mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Akiwa safarini kwenda kwa khalifa Walid huko Sham, mguu wake uliingia ugonjwa wa kula nyama, matabibu wakaona hapana budi ukatwe kabla haujamfika mwilini. Hakusema kwamba mwanachuoni hakatwi mguu. Aliukubali msumeno, akakataa kupewa kilevi. Katika safari ile ile akafiwa na mwanawe aliyepigwa teke na mnyama. Zimepokewa habari kwamba alimshukuru Mola wake, akihesabu viungo vilivyobaki badala ya kilichoondoka. Kisha akarudi Madina, akaendelea kusomesha. Laiti angekataa, Uislamu ungepoteza elimu ya mtu huyo kwa ajili ya mguu mmoja.

Udhu, msikiti na nyumba

Ndugu Waislamu, sisi tumepewa jambo ambalo madaktari wanalitamani kwa wagonjwa wao, nalo ni kuishika miguu yetu mara tano kwa siku. Mwenye kisukari akitawadha asipitishe maji kwa haraka. Apitishe vidole kati ya vidole vya miguu kama ilivyo sunna, aangalie unyayo, na kama macho ni dhaifu amwite mjukuu amwangalizie. Akimaliza afute maji kati ya vidole, maana unyevu hulea ukungu na mipasuko. Akitia maji ya moto, ayajaribu kwa kiwiko, asiyajaribu kwa mguu wenye ganzi.

Mwenye kidonda kilichofungwa asikifungue na kukilowanisha kwa kudhani kwamba ndiyo ucha Mungu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji, na hutayamamu kwa sehemu isiyofikiwa na maji. Na kila mmoja amuulize shekhe wake hukumu inayohusu hali yake. Asiyeweza kusimama aswali ameketi. Dini hii haikuja kuvunja miguu ya watu.

Kamati za misikiti nazo zina la kufanya. Wazee wetu huvua viatu mlangoni, wakatembea pekupeku kutoka birikani mpaka ndani, juu ya sementi iliyochomwa na jua la saa saba, kati ya vijiwe na vipande vya vigae. Mwenye ganzi huungua pale na haungui moyoni. Jozi chache za ndala safi, na mkeka uliotandikwa kutoka birikani hadi mlangoni, si gharama inayohitaji harambee. Na zaka zetu, ambazo mafakiri na masikini ni wa mwanzo kutajwa katika wenye haki nazo, zinaweza kumfikia mkulima asiye na nauli ya kliniki wala kiatu cha kufunika vidole.

Nyumbani, magunia yahamishwe kutoka chumba cha mgonjwa. Mzee anunuliwe kiatu cha kufunika, kipana, na akikung'ute kabla ya kukivaa. Kucha zikatwe kwa kunyooka, zisifuatishwe pembeni. Lengelenge lolote, wekundu wowote, harufu yoyote, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, isisubiri siku ya gulio.

Mwisho wa yule kijana

Yule kijana wa Ulaya alikubali ushauri. Mzee alipelekwa hospitali, kidonda kikasafishwa, sukari ikadhibitiwa, vidole viwili vikakatwa kwa sababu mfupa ulikuwa umekwisha oza, na akakaa na magongo kwa miezi kadhaa, akinung'unika kila siku. Leo anatembea kwa kiatu chake. Oksijeni haikuhitajika. Lau ingehitajika baada ya hayo yote, na daktari akaishauri, tungemwambia kijana auze shamba bila kusita. Shamba bado lipo, na msimu huu limelimwa mahindi.

Wengine hawakujaaliwa mwisho huo, na mmoja wao tumebeba sehemu ya dhima yake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu na atusamehe.

Basi leo ukirudi kutoka msikitini, kabla ya chakula, mkalishe baba yako au mama yako mwenye kisukari kwenye mwanga, uvue viatu vyake kwa mikono yako, uitazame miguu yote miwili, juu na chini, na kati ya vidole. Ukikuta salama, mshukuru Mola wako. Ukikuta kidonda, usitafute picha katika simu. Tafuta usafiri.